Kampuni inapobadili jina na rangi, mwenye duka analazimika nini?

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Songea

MWEZI Novemba 2024 Watanzania waliambiwa kuwa Tigo haipo tena. Mtandao waliouzoea ulikuwa umeitwa Yas, na Tigo Pesa, iliyokuwa mikononi mwa watu tangu mwaka 2010, ikawa Mixx by Yas. Kwa mwenye simu jambo lilikuwa jepesi. Namba yake ilibaki ile ile, salio lake halikuguswa, naye akaendelea kusema "nirushie kwa Tigo Pesa" kana kwamba hakuna kilichotokea. Mzigo ulimwangukia mwingine: yule aliyeketi nyuma ya meza chini ya mwavuli wa bluu, mwenye kibanda kilichopakwa rangi ya kampuni, mwenye bango lililobeba jina lake mwenyewe kwa herufi ndogo na jina la mtandao kwa herufi kubwa. Huyo alipaswa kujiuliza mambo ambayo wengi hatuyaulizi mpaka fundi wa rangi awe amekwishasimama mlangoni. Je, nalazimika kubadili? Kwa muda gani? Na fedha zinatoka mfuko wa nani?

Swali hili si geni nchini kwetu. Mtandao huo huo wazee wa simu za mkononi wanaukumbuka kwa jina la Mobitel, kabla ya kuwa Buzz na kisha Tigo. Celtel, iliyoingia nchini mwaka 2001, ilikuwa Zain mwaka 2008, na haikupita hata miaka mitatu kabla ya Bharti ya India kuinunua na kuiita Airtel mwishoni mwa 2010. Mwenye duka aliyepaka ukuta wake kwa fedha zake mwaka 2008 alilazimika kuupaka tena mwaka 2010, na hakuna mteja hata mmoja aliyeongezeka kwa sababu ya rangi hizo mbili. Vodacom haikubadili jina, lakini mwaka 2011 ilivua bluu ikavaa nyekundu, na mabango yakabadilika hali kadhalika. Wanaodhani kwamba jina lisipobadilika hakuna gharama wakumbuke hilo.

Kwenye mafuta hadithi ni ile ile, ila bei ni kubwa zaidi. BP ilipoamua kuuza hisa zake katika nchi tano za kusini na mashariki mwa Afrika, BP Tanzania, ambamo Serikali ina nusu ya umiliki, iligeuka kuwa Puma Energy Tanzania mwaka 2011. Mwaka 2017 Total ilikamilisha ununuzi wa GAPCO, na mwezi Mei 2021 Total yenyewe ikaitwa TotalEnergies. Kwa wenzetu wa Kenya, vituo vya Kobil vilianza kuvaa sura ya Rubis baada ya Wafaransa kuinunua KenolKobil mwaka 2019. Kituo cha mafuta si kibanda. Kina paa kubwa lenye ukanda wa rangi ya kampuni, nguzo ya bei inayoonekana kutoka mbali barabarani, pampu zenye nembo, sare za wahudumu na duka dogo pembeni. Kukivua na kukivisha upya ni kazi ya mkandarasi, wala si ya fundi mmoja mwenye ndoo na brashi.

Kabla hatujafika kwenye wajibu, tuelewane juu ya watu wawili wanaozungumziwa. Wa kwanza nitamwita mwenye jina. Huyu ndiye kampuni iliyosajili alama ya biashara na inayoruhusu wengine waitumie. Wa pili nitamwita mwendeshaji, yaani yule anayefungua duka, kituo, mgahawa au hoteli kwa mtaji wake lakini chini ya jina la mwenzake, kwa masharti ya mwenzake. Mawakili huuita mkataba wa namna hii franchaizi. Wakala wa fedha wa mtaani si franchaizi kamili, kwa sababu wakala wa Tanzania huwahudumia wateja wa mitandao yote kwenye meza moja. Hata hivyo kiini ni kimoja: unatafuta riziki yako chini ya jina lisilo lako.

Nchi yetu haina sheria mahususi ya mikataba hii. Kinachotawala ni mkataba wenyewe, pamoja na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Hii ya pili inasimamiwa na BRELA kwa upande wa Bara. Alama husajiliwa kwa miaka 7, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Zanzibar ina sheria yake na wakala wake wa usajili, BPRA, na usajili wa upande mmoja haulindi upande wa pili. Mwenye tawi Songea na jingine Darajani asidhani kwamba cheti kimoja kinatosha.

Wajibu wa aina mbili

Watu wengi huchanganya mambo mawili ambayo ni lazima yatenganishwe. La kwanza ni wajibu wa kuondoa jina la zamani. La pili ni wajibu wa kuweka jipya kwa gharama zako. Mtu anaweza kubanwa na la kwanza bila kubanwa na la pili.

Kuondoa ni jambo la haki ya mwenye mali. Jina ni lake, amekuruhusu kulitumia, na ruhusa ikikoma imekoma. BP ilipouza hisa zake haikuuza jina la BP. Jina lilibaki kwake huko Uingereza. Kwa hiyo hata mwendeshaji aliyelipenda jina la zamani, na ambaye wateja wake walimjua kwa jina hilo kwa miaka ishirini, hakuwa na njia ya kubaki nalo. Kuendelea kulitundika baada ya ruhusa kwisha ni kuvunja haki ya alama ya biashara. Na ikiwa bidhaa unazouza si za mwenye jina lile tena, jambo linakuwa zito zaidi, kwa kuwa unampotosha mnunuzi. Tume ya Ushindani, FCC, inasimamia pia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na maofisa wake hawaulizi kama bango ulilirithi au ulilitengeneza.

Kuweka jipya kunatokana na mkataba peke yake. Mikataba ya kampuni kubwa karibu yote huwa na kifungu kinachosema kwamba mwenye jina anaweza kubadili, kuongeza au kuacha alama yoyote wakati wowote aonapo inafaa, na mwendeshaji atafuata maelekezo ndani ya muda atakaopewa, kwa gharama zake mwenyewe. Ukiwa umetia saini kifungu hicho, umekubali. Hakuna hakimu atakayekusikiliza ukisema hukukisoma. Kifungu kikiwa hakimo, hali ni tofauti: mkataba unabadilishwa kwa ridhaa ya pande zote mbili, na barua ya upande mmoja haiwi mkataba mpya hata ikiwa na muhuri mkubwa. Hapo mwendeshaji ana nafasi ya kusema, "Nitakivaa hicho kipya, lakini tuandikiane nani analipa."

Kati ya hali hizo mbili ipo ya tatu, nayo ndiyo inayoleta kesi. Kifungu kipo, lakini kimeandikwa kwa maneno mapana kiasi kwamba haijulikani mwisho wake. Je, kubadili "alama" ni pamoja na kubadili rafu, vigae vya sakafu na mashine za malipo? Je, ni pamoja na bei? Mfano mashuhuri unatoka Marekani. Kampuni ya UPS ilinunua Mail Boxes Etc. mwaka 2001, na mwaka 2003 ikawataka wenye maduka wapatao 3,000 wageuke kuwa The UPS Store. Walio wengi walikubali. Wapo waliokataa wakabaki na jina la zamani mpaka mikataba yao iishe, na wapo waliokwenda mahakamani huko California. Malalamiko yao hayakuwa juu ya bango peke yake. Badiliko lile liliambatana na utaratibu mpya wa bei za kusafirisha vifurushi, na walidai kuwa jina jipya limetumika kama mlango wa kuingizia masharti yaliyopunguza faida yao. Mimi naona hapo ndipo penye somo kwa mfanyabiashara wa Songea kuliko mahali pengine popote. Barua ya kubadili rangi isomwe hadi ukurasa wa mwisho, kwa sababu kamisheni mpya mara nyingi hukaa nyuma ya nembo mpya.

Ukuta wa wakfu

Kamati yetu ililazimika kuyajua haya kwa sababu msikiti una fremu za kupangisha. Kodi yake ndiyo inayolipa umeme, maji na posho za walimu wa madrasa. Mpangaji mmoja, kijana mwenye familia changa, anauza bidhaa za kampuni moja (si ya simu wala ya mafuta, na jina lake nalihifadhi) ambayo ilimpa uwakala kwa sharti la kupaka duka zima rangi za kampuni, ndani na nje. Kamati ilimruhusu. Baada ya muda kampuni ikabadili nembo, na kijana akaletewa barua ya Kiingereza ya kurasa mbili: ndani ya siku 30 apake upya, abadili bango, rafu na sare, la sivyo atanyimwa mzigo. Hesabu aliyopigiwa na fundi wa mabango pale Majengo ilizidi faida yake ya miezi mitatu. Msimu wenyewe ulikuwa ule wa wakulima kuwa bado hawajauza mahindi, ambapo Songea nzima hununua kwa mkopo.

Alikuja ofisini kwetu kuomba asamehewe kodi ya miezi miwili. Mzee mmoja wa kamati, mfanyabiashara wa zamani wa kahawa ya Mbinga, hakumjibu ombi lake, alimwambia, "Mwanangu, kalete kwanza mkataba." Mkataba ulikuwepo, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na stakabadhi za TRA. Tuliusoma na ndugu yetu mmoja aliyesomea sheria. Ulisema mwendeshaji atatumia alama "kwa namna kampuni itakavyoelekeza", lakini juu ya gharama ulikuwa kimya kabisa, na juu ya muda ulikuwa kimya pia. Tukamshauri asikatae wala asikubali, bali aandike barua ya heshima yenye mambo manne: kwamba yuko tayari kutumia alama mpya, kwamba mkataba hausemi gharama ni ya nani, kwamba anaomba kampuni ilete bango na rangi, na kwamba ukuta si wake, ni wakfu, hivyo hapaswi kuugusa bila ruhusa ya maandishi ya mwenye jengo.

Hoja hiyo ya nne ndiyo iliyowashitua. Meneja wa kanda alipiga simu siku mbili baadaye, akitaka kujua mwenye jengo ni nani. Mazungumzo yalichukua wiki kadhaa. Mwisho wake kampuni ilileta bango na rangi ya nje, kijana akalipia rafu mbili na sare, na muda ukasogezwa hadi baada ya mavuno. Kodi yake hakusamehewa, ila aliruhusiwa kuilipa kwa mafungu. Hakuna aliyeshinda kwa kishindo, lakini duka halikufungwa.

Msomaji anaweza kuuliza sheria ya dini inasemaje juu ya jina la biashara, kwani jina si kitu cha kushikika. Suala hili lilijadiliwa na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, iliyo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, katika kikao chake cha tano huko Kuwait, Desemba 1988. Wanazuoni walikubaliana kwamba jina la biashara na alama ya biashara ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali katika desturi ya zama hizi, zinaweza kuuzwa na kuhamishwa ilimradi hakuna ghushi wala udanganyifu, na haijuzu kuzivamia. Basi mwendeshaji Mwislamu anayeng'ang'ania bango la zamani kwa kuwa wateja wanalipenda ajue kwamba anakalia mali ya mtu. Upande wa pili nao una hesabu yake. Wanazuoni hao hao wamekemea gharari, yaani mashaka makubwa ndani ya mkataba, na kifungu kinachompa mtu mmoja uwezo wa kumbebesha mwenzake gharama yoyote, wakati wowote, bila kikomo, kinanusa gharari kutoka mbali. Sisemi kila kifungu cha namna hiyo ni batili. Hilo ni la wenye elimu kubwa kuliko yangu. Nasema Mwislamu anayeandika mkataba wa aina hiyo kwa ajili ya mawakala wake, na hapa Ruvuma wapo, wenye mabasi, wenye viwanda vya unga, wenye maduka ya pembejeo, aweke kikomo.

Kikomo hicho si kigumu kukiandika. Badiliko lisitokee zaidi ya mara moja katika kipindi fulani cha miaka. Taarifa itolewe miezi kadhaa kabla. Mwendeshaji aruhusiwe kumaliza mifuko, stika na vitabu vya risiti vyenye nembo ya zamani. Aliyefungua karibuni, ambaye rangi yake haijakauka, abebewe gharama na kampuni. Na kama mtu wa tatu atajitokeza kudai kwamba jina jipya ni lake, kampuni imkinge mwendeshaji dhidi ya kesi hiyo, kwa kuwa si yeye aliyelichagua. Hili la mwisho watu hulipuuza, wakati ni rahisi kwenda BRELA kuuliza kama alama mpya imesajiliwa, au angalau imeombewa usajili, na kwa jina la nani.

Mwenye jina akivunja ahadi, kwa mfano akiwa alikubali kuleta bango na hakuleta, kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinampa mwendeshaji haki ya fidia kwa hasara iliyotokana na uvunjaji huo. Lakini mahakama hutazama pia kama mlalamikaji alijitahidi kupunguza hasara yake. Aliyefunga duka miezi sita akisubiri bango hatapewa faida ya miezi sita kirahisi. Zihifadhiwe barua, picha za duka kabla na baada, stakabadhi za fundi. Ujumbe wa simu wa ofisa mauzo anayesema "sisi tutalipa" nao ni ushahidi. Usiufute kwa ajili ya kupata nafasi ya video.

Lipo pia deni la makaratasi. Wafanyabiashara wengi walisajili majina yao BRELA yakiwa na jina la kampuni ndani yake, na jina hilo hilo likaandikwa kwenye leseni ya manispaa, kwenye risiti za mashine ya EFD na kwenye akaunti ya benki. Jina la kampuni likibadilika, yote hayo yanabaki yakitangaza jina ambalo huna tena ruhusa nalo. Hapa lawama ni ya mwendeshaji mwenyewe, na gharama pia ni yake. Ni heri kusajili biashara kwa jina lako au la familia, na kuliacha jina la kampuni likae kwenye bango tu. Mteja wa Lizaboni anayekuita "kwa Mama Zuhura" ataendelea kukuita hivyo nembo zibadilike mara kumi, na jina hilo hakuna kampuni inayoweza kukunyang'anya.

Tahadhari moja kwa mawakala wa fedha, ambao wengi wao ni mama zetu na dada zetu. Majira ya kampuni kubadili jina ni majira ya neema kwa matapeli. Hupiga simu wakijitambulisha kuwa wanatoka makao makuu, wanasema laini ya uwakala inahamishwa kwenye mfumo mpya, kisha wanaomba namba ya siri ili "kuhakiki". Hakuna badiliko la jina linalohitaji namba yako ya siri. Mabadiliko ya kweli huletwa na msimamizi unayemfahamu kwa sura, au unayafuata mwenyewe dukani kwa kampuni.

Kwa upande wa kamati, mikataba ya fremu zetu zote imeandikwa upya mwaka huu kwa Kiswahili. Mpangaji anaweza kupaka rangi za kampuni yoyote ya biashara ya halali kwa sehemu ya mbele tu. Kuta za pembeni zinabaki nyeupe. Kabla ya kupaka analeta nakala ya mkataba wake na mwenye jina, nasi tunasoma kifungu cha mabadiliko pamoja naye. Anaweka amana ya kurudisha ukuta kama ulivyokuwa, isipokuwa pale kampuni inapoandika barua kuwa itafanya kazi hiyo yenyewe. Hadi sasa kampuni mbili zimeandika barua hiyo. Ya tatu imejibu kwamba suala liko kwa mwanasheria wao Dar es Salaam, na fremu yake bado ni nyeupe pande zote nne.